Afande Hana Shida na Vocha Yako

Mchana mmoja wa jua kali, saa ile ambayo hapa Ngamiani, Tanga, hata paka wamejificha uvunguni, bajaji ilisimama mbele ya kibanda changu. Akashuka mama mmoja ninayemfahamu tangu utotoni. Ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na nusu ya wateja wangu walipita mikononi mwake na kwenye fimbo yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hivi hapa kwako mna vocha za Steam?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Steam ni duka la gemu za kompyuta. Wanaoniulizia habari zake ni vijana wanaokesha wakicheza, na hao ni wa kuhesabu. Mwalimu akafungua pochi, akanipa kikaratasi. Kwa ule mwandiko wake wa ubaoni alikuwa ameandika: Steam, dola 100, mbili. Kwangua, piga picha nyuma, tuma.

"Za nani, mwalimu?"

"Za mtu." Akageuka kutazama barabarani kama anayesubiri bajaji nyingine.

Mtu mwenyewe alikuwa kanali wa jeshi la Marekani, yuko Syria, mjane, ana mtoto mmoja wa kike aliye shule ya bweni. Walikuwa wameandikiana kwa miezi minne.

Mimi ni wakala wa miamala na fundi simu, na kwa kazi hii nimewaona wengi walioingizwa mjini. Karibu wote huniuliza jambo moja baada ya kulizwa: "Sasa ningejuaje kwamba si mwanajeshi kweli?" Nami huwajibu kwamba hapo ndipo walipopotea, kwa sababu walikaa miezi wakichunguza sura, cheo na magwanda, na hakuna aliyechunguza hela inapita njia gani. Sura inaibiwa kirahisi. Njia ya hela haidanganyi. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mpangilio huo: kadi kwanza, mtu baadaye.

Hatua ya 1: Ijue kadi kabla ya kumjua anayeiomba

Kadi ya zawadi, ambayo vijana huiita gifti kadi, ni vocha. Kumbuka vocha za kukwangua za muda wa maongezi. Ukiikwangua kwa sarafu na kumsomea mpwa wako aliyeko Korogwe zile namba kwenye simu, salio linaingia kwake. Wewe unabaki na kikaratasi kilichochubuka. Hata ukienda nacho dukani na risiti yako, muuzaji atakuambia vocha imeshatumika, na atakuwa anasema kweli.

Kadi za Apple, Google Play, Amazon na Steam zinafanya kazi hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ndani yake kuna dola. Namba zilizo nyuma ndizo hela yenyewe. Anayekuomba "picha tu ya upande wa nyuma" amekuomba noti. Ile plastiki utakayobaki nayo haina maana tena, na ndiyo maana hana haja uiposti.

Sasa ilinganishe na kutuma hela kwa simu. Ukituma, jina la mpokeaji linakutokea kabla hujaweka namba ya siri. Ujumbe wa muamala unabaki, na laini ya mpokeaji imesajiliwa kwa alama za vidole. Ukiwahi kupiga huduma kwa wateja kabla hajaitoa hela, kuna nafasi ya kuizuia. Nimeshuhudia hela ikirudi, si mara nyingi, lakini nimeshuhudia. Kadi haina jina, haina alama za vidole, na haina wakala aliyekaa upande wa pili. Ndani ya dakika chache tapeli anaziuza zile namba kwa mtu mwingine mtandaoni, hata kwa bei pungufu. Halimsumbui hilo, maana mtaji haukuwa wake.

Kwa sababu hiyo Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, ambayo ndiyo inayopokea malalamiko ya wateja kule, imekuwa ikirudia onyo lilelile miaka yote: anayekutaka ulipe kwa kadi ya zawadi na kumpa namba zake ni tapeli. Haijalishi anajiita askari, afisa wa kodi au mpenzi. Mwaka 2022 pekee watu karibu 70,000 walitoa taarifa kwa tume hiyo kwamba wametapeliwa kwa njia ya mapenzi, na hasara waliyoitaja ilifika dola bilioni 1.3. Hao ni waliothubutu kusema.

Utaniambia, Tanga hii nani anauza kadi za Apple? Madukani kwetu ni adimu, kweli. Lakini dada zetu wangapi wako Muscat na Dubai wakifanya kazi za ndani? Huko kadi hizi zinaning'inia karibu na kaunta ya supamaketi kama pipi. Tapeli humtongoza binti moja kwa moja, au humtongoza mama aliyeko Makorora kisha akamfundisha: "Mwambie binti yako anunue huko, nitamrudishia." Mwalimu alishafanya hivyo mara tatu kabla ya kuja kwangu. Binti alidhani mama yake ana ugonjwa anaouficha na hizo ndizo gharama zake.

Hatua ya 2: Sikiliza hadithi, utakuta ni moja

Hawa watu wanafanya kazi kwa maandishi yaliyoandaliwa, kama muigizaji. Ukishasikia mawili matatu, la nne utalitabiri.

Anaanzia Facebook au Instagram, kwa salamu isiyo na kichwa wala miguu, au kwa kusifia picha yako. Baada ya siku mbili tatu anataka mhamie WhatsApp au Telegram. Sababu anayotoa ni "usalama wa kambi." Sababu ya kweli ni kwamba ukurasa wake unaweza kufungwa saa yoyote ukiripotiwa, naye hataki kupoteza mteja. Ndiyo, kwake wewe ni mteja.

Ni mjane, au mkewe alimtenda. Ana mtoto mmoja, ambaye baada ya wiki chache ataanza kukuita mama. Anakaribia kustaafu na anataka kuwekeza Afrika, ikiwezekana karibu na bahari. Anajua Mungu kuliko imamu na padri kwa pamoja. Wiki ya pili anakupenda, wiki ya tatu anataka kukuoa. Na siku zote yuko mahali ambapo simu haiwezi kupigwa vizuri: jangwani, melini, kwenye misheni ya siri.

Kiswahili chake ni cha mashine. Mwalimu alinionyesha ujumbe mmoja: "Habari za asubuhi asali, natumaini ulilala kama mtoto, mimi ni mtu wa kuogopa Mungu na moyo wangu ni mpweke." Asali! Nani Tanga hii anamwita mpenzi wake asali kavukavu hivyo, bila hata kuipamba? Ila hapo nisikupe moyo sana. Programu za kutafsiri na akili mnemba zinazidi kunoleka, na yule wa mwakani huenda akaandika Kiswahili safi kuliko cha mtangazaji wa redio. Lugha mbovu ni dalili. Lugha nzuri si ushahidi wa lolote.

Kisha inakuja kadi ya kwanza. Huwa ndogo, dola 25 au 50, ya kununulia "bando la kambini." Hiyo ni kama chambo pale Deep Sea: mvuvi hatafuti faida kwenye chambo. Anapima kama unatoa. Ukitoa, inafuata ya likizo, ya hospitali, ya mtoto, ya sanduku.

Hatua ya 3: Picha isikupotezee muda, ila itafute

Watu huniletea picha na kuniuliza, "Hebu angalia, hii kombati si ya kweli?" Ni ya kweli kabisa. Medali ni za kweli, bendera begani ni ya kweli, hata tabasamu. Picha imeibwa kwenye ukurasa wa mwanajeshi halisi ambaye hana habari na wewe. Bryan Denny, kanali mstaafu wa jeshi la Marekani, picha zake zimetumika kwenye kurasa feki nyingi mno, mpaka mwenyewe akageuka mwanaharakati wa kupinga utapeli huu. Kwa hiyo kukagua vifungo vya kombati ni kazi bure.

Hapa kwetu magwanda yana wenyewe. Mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa raia wote wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo wazisalimishe. Barabarani ukikatiza na suruali ya madoadoa utaulizwa. Mtandaoni mtoto wa miaka 19 anavaa ukanali kwa kubonyeza mara mbili, na hakuna wa kumuuliza.

Unachoweza kufanya ni hiki. Hifadhi picha kwenye simu, ifungue kwa Google Lens, au ipandishe kwenye tovuti ya TinEye, uone imeshawekwa wapi kwingine mtandaoni. Ikitokea kwa majina matatu tofauti, umemaliza kazi. Isipotokea popote, hujathibitisha kitu: huenda wamekata pembeni, wamegeuza kushoto kuwa kulia, au picha ilitoka kwenye ukurasa uliofungwa.

Simu ya video nayo isikulegeze. Wapo wanaocheza video iliyorekodiwa, inakatika baada ya sekunde kumi, "mtandao mbaya mpenzi." Wapo wanaovaa sura ya mtu kwa akili mnemba. Ukitaka kumjaribu, mwambie apitishe kiganja mbele ya uso polepole, au ashike sikio la kushoto. Atakayekasirika kwa ombi jepesi kama hilo ameshajibu. Lakini hata akipita jaribio hilo, rudi hatua ya 1. Mtu mwenye uso halisi akiomba namba za kadi ni tapeli mwenye uso halisi.

Hatua ya 4: Mpime kwa mambo ya jeshi yanayojulikana

Hapa pana utajiri, kwa sababu kitengo cha upelelezi wa jinai cha jeshi la Marekani kimekuwa kikitoa maonyo kuhusu watu hawa kwa miaka mingi. Ukiyajua haya machache, hadithi nzima inaporomoka.

Likizo haiuzwi. Mwanajeshi wa Marekani anaomba likizo kwa wakubwa wake mwenyewe. Hakuna mchumba anayejaza fomu kwa niaba yake, hakuna ada, na hakuna "ofisi ya likizo" inayopokea kadi za Steam. Ukitumiwa fomu yenye nembo ya tai na nafasi ya kuandika jina la mchumba, fomu hiyo imetengenezwa kwa ajili yako tu.

Chakula, malazi na matibabu akiwa kazini vinagharimiwa na jeshi. Akipigwa risasi hamtafuti mama wa Chumbageni amlipie daktari. Mshahara wake unaingia benki hata akiwa vitani. Hakuna "akaunti iliyofungwa kwa sababu niko misheni."

Barua pepe rasmi za jeshi la Marekani huishia na .mil, yaani herufi hizo ziwe za mwisho kabisa. Ukiona neno usarmy halafu mbele yake gmail.com, huyo kafungua barua pepe kama wewe na mimi tulivyofungua zetu.

Mahali alipo napo papime. Majeshi ya Marekani yaliondoka Afghanistan tarehe 30 Agosti 2021, yote. Bado nakutana na ujumbe kutoka kwa "sajini aliyeko Kabul." Umri pia: jenerali wa miaka 36 hayupo, cheo hicho mtu hukifikia baada ya miongo ya utumishi.

Halafu kuna sanduku. Karibu kila hadithi ndefu inaishia kwenye sanduku la dola, dhahabu au almasi ambalo afande amelipata vitani na anataka ulipokee. Mwezi Agosti 2019 waendesha mashtaka wa Marekani mjini Los Angeles walifungua mashtaka dhidi ya watu 80, wengi wao Wanigeria, kwa utapeli wa mtandaoni. Ndani ya nyaraka zile kuna mama wa Japani aliyekutana mtandaoni mwaka 2016 na mtu aliyejiita kapteni wa jeshi la Marekani aliyeko Syria. Hakujua Kiingereza vizuri, kwa hiyo alitumia programu ya kutafsiri. Kapteni alidai amepata mfuko wa almasi. Alikuwa akimwandikia barua pepe hata 10 au 15 kwa siku. Ndani ya miezi 10 mama yule alikuwa ametuma malipo kati ya 35 na 40, akakopa kwa ndugu na marafiki, akapoteza dola 200,000. Nilimsomea mwalimu kisa hiki. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama yule Mjapani alikuwa na watoto.

Hatua ya 5: Sema hapana mara moja, kisha tazama

Kama bado moyo unasita, fanya jaribio hili, halina gharama. Mwandikie: "Sitanunua kadi." Usieleze sababu, usiombe radhi, usidanganye kwamba duka limefungwa. Ukitoa sababu atakuletea suluhisho: duka lingine, mtandao mwingine, mkopo wa simu.

Halafu kaa utazame saa 24 zijazo. Mtu anayekupenda atasema sawa. Huyu atalia, atanuna, atakuambia humwamini Mungu, mtoto wake atakuandikia kwamba baba hali, na ikishindikana atatisha. Mara nyingi anajitokeza na mtu wa tatu, "kamanda wake" au "daktari wa kambi," akikusihi. Ukilinganisha makosa ya herufi, kamanda na kanali wanaandika sawasawa.

Jambo jingine la kutazama ni siri. Atakufundisha umwambie muuzaji kwamba kadi ni zawadi ya mjukuu. Atakutaka ununue duka hili moja na lile jingine moja ili usishtukiwe. Atakuambia usimwambie binti yako wala benki. Mapenzi ya kweli nayo huwa na siri zake, nakubali, lakini si siri ya kumficha keshia.

Hatua ya 6: Wajue ndugu zake walioko hapa hapa

Tapeli wa mbali ana binamu zake wa karibu, na nadhani hawa ndio wanaotupata zaidi. Kila Mtanzania ameshapokea "ile hela itume kwenye namba hii," au ujumbe wa baba mwenye nyumba asiyekuwa na nyumba. Afande naye yupo katika ukoo huo.

Yupo "kapteni wa JWTZ" mwenye nafasi mbili za ajira zilizobaki. Vijana wetu wanaotoka kambi ya JKT Maramba ni windo lake rahisi kwa sababu wana hamu ya kweli na wazazi wako tayari kuuza mbuzi. Nafasi za JKT na JWTZ hutangazwa hadharani, na haziuzwi. Jeshi lenyewe limeshasema mara nyingi kwamba anayeomba hela ili akuingize ni tapeli. Kiingilio kikiitwa "ya soda ya wakubwa," kata simu.

Yupo "afisa forodha." Sanduku la kanali limefika bandarini Tanga au uwanja wa ndege Dar es Salaam, linadaiwa ushuru, tuma laki nane kwenye namba hii ya simu. Malipo ya serikali siku hizi hulipwa kwa kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba, ambayo ukiiingiza kwenye simu inaonyesha unailipa taasisi gani. Ushuru unaolipwa kwenye laini ya mtu binafsi si ushuru.

Na yupo wa hatari kuliko wote: anayekutumia wewe kadi. Anakuambia, "Mpenzi, nitakutumia namba za kadi za Apple, wewe ziuze, chukua asilimia kumi, nyingine nitumie." Unaona neema. Zile kadi zimetoka kwa mama mwingine kama mwalimu, labda wa Ohio, labda wa Osaka. Hela ikipita kwenye laini uliyoisajili kwa kidole chako, polisi watakaposhika uzi wataanzia kwako. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, tuna sheria za utakatishaji fedha, na "nilikuwa nampenda" si utetezi. Laini yako usimwazime mtu. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimewahi kumkuta babu mmoja wa Pongwe ana laini sita na simu moja.

Hatua ya 7: Kama umeshatuma

Acha kulia kwanza, utalia jioni. Saa hizi kimbizana na muda.

Kama namba zimetumwa ndani ya saa hizi chache, wasiliana na kampuni iliyotoa kadi (Apple, Google, Amazon au Steam) kupitia ukurasa wao rasmi wa msaada, useme kadi imetumika kwa utapeli. Ikiwa salio bado lipo, linaweza kuzuiwa. Wataulizia kadi yenyewe na risiti, kwa hiyo usitupe. Kama binti ndiye aliyenunua Muscat, yeye ndiye apige na akaripoti dukani huko.

Usifute mazungumzo. Najua aibu inakuambia futa. Piga picha za skrini: ukurasa wake, namba yake, ujumbe wa kuomba kadi, tarehe. Ndipo umzuie. Namba za hapa nchini zilizohusika, za "forodha" na wenzake, zitolee taarifa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa ujumbe kwenda 15040. Kisha nenda polisi, kwa sisi wa mjini kituo cha Chumbageni, utoe maelezo na uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako pale kituoni. Wengine hawaendi kwa kuogopa kuchekwa. Nenda na mtu mzima mwenzako. RB itakusaidia hata kama hela haitarudi, hasa iwapo laini au akaunti yako ilitumika.

Ripoti ukurasa wake pale Facebook kwa kuchagua kwamba anajifanya mtu mwingine. Utafungwa, atafungua mwingine. Ripoti hata hivyo.

Kama alikuwa na picha zako za faragha na anakutisha kuzisambaza, usimlipe hata senti. Anayelipwa mara moja hurudi. Kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, huko hutaelezea mambo yako kaunta mbele ya kila mtu.

Na kaa macho na mwizi wa pili. Wiki chache baadaye atakutafuta "mwanasheria," "mtu wa Interpol," au kijana wa mtandaoni anayedai anaweza kurudisha hela yako, ila atangulizwe kidogo. Jina lako limeshauzwa kwenye orodha ya wanaotoa. Mara nyingi ni yule yule, amebadilisha kofia.

Hatua ya 8: Kama aliyenaswa ni mama yako au shangazi yako

Hatua hii naiona ngumu kuliko zote, na nimeikosea zaidi ya mara moja. Mteja wangu mmoja nilimcheka. Aliondoka akaenda kununua kwa mtu mwingine, na hajarudi kibandani mpaka leo.

Usianze na "umetapeliwa." Anza na kadi. Muulize, kwa adabu yake, "Shangazi, hizi namba akishazipata, wewe unabaki na nini mkononi?" Swali hilo halimgusi mpenzi wake, linagusa hela, na juu ya hela watu wazima wana akili timamu. Usimnyang'anye simu. Mkae pamoja mtafute ile picha, acha aione mwenyewe kwa macho yake ikiwa na jina la mwanaume mwingine. Chagua wakati ambao watoto hawapo. Usilitoe kwenye kikao cha ukoo, kwa sababu aliyevuliwa nguo mbele ya mawifi atamrudia kanali, ambaye angalau anamuuliza kama amekula.

Na hilo la "umekula?" lisikuponyoke. Mwalimu ana watoto wanne, mmoja yuko Muscat, wengine Dar es Salaam. Kwa miezi minne, mtu pekee aliyemuuliza kila asubuhi ameamkaje alikuwa tapeli. Ukimwondoa huyo, weka kitu mahali pake. Piga simu wewe.

Siku ile mwalimu hakununua kadi. Alikaa kwenye benchi langu mpaka jua likapungua, nikamwagizia kahawa na kashata, tukaitafuta picha. Kanali alikuwa na majina matano. Baada ya wiki mbili alirudi na simu yake, ujumbe ulikuwa bado unaingia: "Asali yangu, kwa nini wewe kimya, moyo wangu unavunja." Akataka nimwonyeshe jinsi ya kumzuia.

Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikamwambia asijibu neno, kwani ukijibu wanajua bado upo.

"Ngoja kwanza," akasema. Akavaa miwani, akanakili ule ujumbe wote, akausahihisha kuanzia mwanzo: "kwa nini umenyamaza," "moyo wangu unavunjika," na lile neno asali akaliwekea alama ya kuuliza. Mwishoni akaandika alama, tatu kwa kumi. Akatuma. Ndipo akabonyeza zuia, kwa kidole chake mwenyewe.